Kabla ya kuleta huduma, tafuta anayelipwa tayari: namna ya kupima soko la huduma za biashara kwa wachuuzi wadogo

Ukikaa na kikundi cha wachuuzi wadogo ukawauliza wanahitaji nini ili biashara zao zikue, watakujibu: mafunzo na mtaji. Jibu ni hilohilo kwa mama lishe wa Dar es Salaam na kwa mwanika dagaa wa Ziwa Victoria. Ukilichukua lilivyo na kuliundia mradi, ukumbi utajaa siku ya kwanza kwa sababu kuna posho na nauli. Ondoa posho, wengi hawarudi. Toza ada ya shilingi 2,000, utabaki na viti.

Watu hawa hawakudanganya. Waliulizwa swali la msaada na mtu aliyeshuka kwenye gari la mradi, wakataja vitu ambavyo miradi hutoa. Kosa liko kwenye swali. Soko hupimwa kwa kufuata pesa: mchuuzi huyu anamlipa nani sasa hivi, kwa kazi gani, kwa njia gani, na ni nani aliyewahi kumlipa akaacha.

Huduma ya biashara ni kazi yoyote ambayo mtu hufanyiwa na mwingine ili biashara yake iende, ukiacha bidhaa anayoiuza na mkopo wa fedha taslimu. Humo mna usafiri, stoo, ulinzi, kutafutiwa mteja, kutengenezewa mashine, kufundishwa ufundi, kuwekewa hesabu, kujaziwa fomu za leseni na kupewa habari za bei. Lugha ya ofisini huziita huduma za kuendeleza biashara, na jina hilo limewafanya wengi waione semina peke yake. Winga wa Kariakoo anayempeleka mteja wa mkoani hadi kwenye duka sahihi, akapata chake kwenye mzigo, anauza huduma ya biashara. Fundi mwenye ovaloki, mashine ya kuziba pindo za nguo, anayewamalizia mafundi wenzake nguo, kwa malipo ya nguo mojamoja, anauza huduma ya biashara. Ni nadra kumkuta yeyote kati yao kwenye orodha ya watoa huduma ya mradi, na hao ndio soko lenyewe.

Kwa miaka mingi kazi hii ilihesabiwa kuwa ya serikali na wafadhili. Tanzania ilianzisha SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, mwaka 1973, na nchi nyingi zilikuwa na chombo cha namna hiyo. Fikra zilianza kugeuka miaka ya 1990. Mwaka 2001 kamati ya mashirika wafadhili wa biashara ndogo ilitoa mwongozo wa pamoja uliotaka huduma hizi zichukuliwe kama bidhaa nyingine: ziuzwe na watu wanaoishi kwa kuziuza, na ruzuku itumike kulikuza soko hilo, si kukaa mahali pake. Kuanzia hapo, kupima soko kukawa hatua ya kwanza. Tatizo ni kwamba vipimo vilivyotumika vilitoka kwenye masoko ya sabuni na vinywaji, ambako mnunuzi anajua bei na hulipa kwa noti. Kwa mchuuzi maskini, sehemu kubwa ya huduma hulipwa bila noti kuonekana.

Mdogo wa kiasi gani?

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya Tanzania ya mwaka 2003 inaiweka biashara yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 kwenye daraja la chini kabisa. Daraja hilo ni pana mno kwa kazi yetu. Ndani yake yumo mwenye duka la jumla la mtaani, na yumo mama mwenye beseni moja la dagaa la kukopa. Ukiwachanganya ukatafuta wastani, utapata mteja ambaye hayupo duniani.

Wagawe kwa alama unazoweza kuziona. Je, mtaji wake unamaliza mzunguko kwa siku moja, au unaweza kulala wiki? Vyombo vya kazi ni vyake, au anaazima? Anachukua mali kauli, yaani anabeba mzigo na kulipa akishauza, au ananunua taslimu? Majibu ya maswali hayo matatu yatakupa matabaka matatu au manne, na kila tabaka litahitaji kupimwa peke yake. Tabaka la chini ndilo hupotea kwenye tafiti, kwa sababu wengine hawajiiti wafanyabiashara kabisa. Mwanamke anayewaanikia wengine dagaa kwa malipo ya vibaba, kisha akauza vibaba hivyo jioni, ni kibarua asubuhi na mchuuzi jioni.

Kuifuata ndoo moja ya dagaa

Njia bora ya kuanza ni kuchagua bidhaa moja na kuifuata mkono kwa mkono, kabla hujachapa dodoso. Tuchukue dagaa wa Ziwa Victoria, kwa sababu mnyororo wake ni mfupi na watu wa chini wamejaa ndani yake.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta kwenye giza tu, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua sana au husimama kwa siku kumi hivi, kisha giza huanza tena. Kalenda ya mwalo, yaani ufukwe ambako mitumbwi hushusha dagaa, ni hiyo, na mtafiti asiyeijua ataharibu kazi yake yote. Akienda wakati wa mbalamwezi atawakuta wanawake wana nafasi ya kukaa naye saa mbili, lakini hawana pesa, na kila bei watakayoitajiwa wataiona kubwa. Akienda katikati ya giza, pesa ipo lakini hakuna mwenye dakika kumi, na watakaomjibu ni wale ambao siku hiyo hawakupata mzigo. Nenda mara mbili. Giza ni la kutazama na kuhesabu. Mbalamwezi ni ya kuuliza.

Kaa mwaloni alfajiri mitumbwi inapoingia, chagua ndoo moja ya dagaa wabichi, usiiache macho. Kila inapoguswa na mtu mwingine, andika mambo manne: amefanya nini, amelipwa nini, ni nani angefanya kama yeye hayupo, na hasara gani ingetokea asingekuwepo kabisa. Kuna aliyeishusha kutoka mtumbwini. Kuna aliyeipima, na kipimo chake kikizidi kiganja kimoja huyo ametoza ada bila kusema. Kuna mbebaji, mwanikaji, mtoto anayefukuza ndege, mwenye eneo la mchanga, mlinzi wa usiku, mwenye stoo, mshona magunia, wakala wa gari, dalali wa soko kubwa kama Mwaloni Kirumba jijini Mwanza. Kwa asubuhi chache utakuwa na orodha ya huduma kumi na zaidi zinazolipiwa, na huenda nyingi kati yake hazikuwa kwenye mpango wa mradi.

Malipo yao ndiyo sehemu ngumu. Mbebaji anaweza kupewa sarafu. Mwanikaji akapewa dagaa. Mwenye stoo akakata kwenye mauzo. Mnunuzi mkubwa, yule anayetoa fedha mwanzoni mwa giza, hutoza kwa kushusha bei. Usipoyageuza yote kuwa shilingi utaandika kwamba tabaka la chini halinunui huduma, na utakuwa umekosea pakubwa.

Tazama hesabu ya huyo mnunuzi mkubwa, kwa tarakimu za mfano. Mwanamke amepokea shilingi 300,000 giza linapoanza, kwa makubaliano kwamba dagaa wakavu wote atampelekea yeye. Siku hiyohiyo, mwalo huohuo, mwenzake asiyedaiwa anauza ndoo kwa shilingi 1,500 zaidi. Mdaiwa akipeleka ndoo 40 hadi giza liishe, tofauti inafika shilingi 60,000. Hiyo ni asilimia 20 ya fedha aliyopewa, kwa wiki tatu hivi. Mtu wa mradi akiiona huona riba ya kausha damu, na hukimbilia kuleta mkopo wa riba nafuu kuvunja unyonyaji. Kisha hushangaa kuona wanawake wamechukua mkopo wa mradi na bado wanaendelea kumpelekea tajiri wao dagaa kwa bei ya chini.

Wana sababu. Ile shilingi 60,000 hainunui mkopo peke yake. Inanunua mnunuzi wa uhakika siku dagaa wamejaa na bei imeanguka, magunia, nafasi kwenye stoo mvua inapotishia, habari za bei ya mjini, na wakati mwingine nauli ya hospitali usiku. Ni bahasha moja yenye huduma tano au sita. Kupima soko hapa ni kuifungua bahasha na kuuliza kila kilichomo kingegharimu kiasi gani kikinunuliwa peke yake, na nani yupo wa kukiuza. Mara nyingi utagundua kwamba hayupo. Katika hali hiyo ni busara kushughulika na masharti ya tajiri, mathalani kipimo kinachoonekana na pande zote au bei ya siku inayotangazwa, kuliko kujaribu kumwondoa.

Dodoso linaulizwa vipi

Baada ya kuifuata bidhaa ndipo dodoso linapokuwa na maana, kwa sababu sasa unajua majina ambayo watu wenyewe wanaziita huduma zao. Kwa aina moja ya biashara, watu 100 hadi 150 wanatosha kuonyesha picha, ukiongeza majadiliano ya vikundi vitano au sita vya watu 6 hadi 8. Wanawake na wanaume wakae mbali. Wenye mzigo na vibarua wao wakae mbali zaidi.

Utaratibu uliokomaa kwenye kazi hii hupima matumizi, mtazamo na taswira. Kiini chake ni ngazi ya maswali: umewahi kusikia huduma hii? Umewahi kuitumia? Ulilipa? Bado unaitumia? Kama uliacha, kwa nini? Tuseme kati ya watu 100 waliosikia ni 70, waliojaribu 30, wanaoendelea 8. Tazama maporomoko yako wapi. Wangekuwa wamesikia wachache, tatizo lingekuwa habari. Wakisikia wengi na kujaribu wachache, chunguza bei, umbali, hofu, au kama malipo hudaiwa yote kwa mkupuo wakati mtu anashika fedha kidogokidogo. Wakijaribu wengi na kuacha, huduma yenyewe haikidhi, na tangazo la redio halitaiokoa. Miradi mingi hutumia pesa ya matangazo kutibu ugonjwa huo wa tatu.

Usiulize mauzo ya mwaka. Hakuna anayeyajua, na swali linanuka kodi. Uliza ya jana: jana ulinunua ndoo ngapi, ulilipa nani njiani, ulibaki na ngapi, fedha ya leo asubuhi ilitoka wapi. Usiingie mwaloni ukiongozana na mtendaji wa kijiji au afisa biashara, na usimwachie kiongozi wa kikundi akuchagulie wa kuhojiwa, kwa maana atakuletea jamaa zake na wasemaji hodari. Chukua kila mwanikaji wa tano kwenye mstari wa mchanga. Uliza pia simu ni ya nani. Huduma ya bei kwa ujumbe mfupi inaweza kuonekana ina wateja mia, kumbe simu ziko mifukoni mwa waume zao ambao wako ziwani.

Lipo swali moja ambalo ni afadhali lifutwe kabisa: "Ungekuwa tayari kulipa shilingi ngapi?" Anayetaka kukupendeza ataitaja bei ya juu, anayejadiliana ataitaja ya chini, na hakuna kati yao anayeufikiria mfuko wake. Badala yake, uza kweli. Chukua huduma ndogo, iuze kwa wiki mbili katika mialo mitatu kwa bei tatu tofauti, na wanunuzi waweke malipo ya awali. Atakayetoa shilingi 500 ya kushikia nafasi amekwambia zaidi ya dodoso la kurasa kumi.

Upande wa anayeuza

Soko lina pande mbili, na upande wa pili hupimwa kwa kalamu. Chukua kichanja cha kuanikia dagaa, ambacho huwainua kutoka mchangani, wakakauka wasafi na haraka. Wazo ni kwamba kijana mmoja ajenge vichanja avikodishe kwa siku. Tuseme kichanja kimoja kinamgharimu shilingi 200,000 kwa nguzo na nyavu, na matengenezo ya shilingi 60,000 katika miaka miwili ya uhai wake. Miezi 24 mara siku 20 za giza ni siku 480. Toa mvua, siku dagaa wamekosekana na siku asizopata mteja, ibaki asilimia 60, yaani siku 288. Gawa 260,000 kwa 288: shilingi 900 na ushee kwa siku, kabla hajajilipa mwenyewe hata senti. Kama jaribio la mauzo lilionyesha wanawake wanaishia shilingi 500, biashara hiyo haipo, hata kama wote 150 walisema vichanja ni vizuri.

Kabla hujakata tamaa, uliza kwa nini wanaishia 500. Dagaa wakavu huenda njia mbili: jikoni na kwenye vyakula vya mifugo. Mnunuzi wa chakula cha kuku hajali sana mchanga, na hatoi nyongeza kwa usafi. Mwalo ambao mzigo wake mwingi unaishia huko hauwezi kuwa na soko la vichanja, kwa sababu usafi hauna bei pale. Mwalo unaouzia wateja wa mezani, pamoja na wanaovusha kwenda Congo, unaweza kuwa nalo. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya ndoo safi na ndoo ya mchanga ndiyo dari ya kodi ya kichanja, na inapimwa sokoni kwa nusu saa.

Watoa huduma nao wachunguzwe kwa kununua kwao kimyakimya. Mtume mchuuzi wa kawaida, mpe fedha, akapeleke mashine ikatengenezwe au akaombe ushauri wa leseni, kisha akueleze alipokelewaje, alisubiri muda gani, alilipa kiasi gani na kama kazi ilidumu. Na usiamini kwamba unamjua mtoa huduma bora. Kenya, katika mradi wa vocha uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1990, watu wa jua kali, yaani mafundi na wachuuzi wa sekta isiyo rasmi, walipewa vocha za kununua mafunzo popote watakapo, nao wakachangia sehemu ya gharama. Wengi walizipeleka kwa mafundi wakongwe, waliokuwa wanafanya kazi hiyohiyo, huku vyuo vikitazamia wateja ambao hawakuja kwa wingi uliodhaniwa. Fundi mkongwe alikuwa karibu, alifundisha kwa chuma chenyewe, na hakudai cheti cha shule mlangoni.

Orodhesha pia kila kitu cha bure kilichopo ndani ya eneo lako. Ruzuku huacha alama kwenye majibu. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni haki yao. Lakini kikundi kilichosajiliwa kwa ajili ya mkopo huhudhuria mafunzo ili kukidhi masharti, na mahudhurio hayo hayathibitishi kwamba mafunzo yana wanunuzi. Vilevile vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyoanza Desemba 2018: vilinunuliwa na wengi, na walichonunua kilikuwa kutofukuzwa mahali pao pa kazi. Mtu maskini atalipia usalama wa kukaa kabla ya kulipia ushauri wa masoko. Kwa sababu vilisukumwa na viongozi wa mikoa, usivihesabu kama mauzo huru, ila kipaumbele walichokionyesha ni cha kweli.

Si kila pengo ni soko

Utakapokusanya haya yote, baadhi ya mahitaji makubwa kabisa hayatakuwa na mnunuzi wala muuzaji, na ni lazima yaandikwe hivyo. Choo cha mwaloni, maji safi, mtaro, barabara inayopitika masika: mama mwenye beseni moja hawezi kuvinunua, na kikundi hakiwezi kumzuia asiyechangia asivitumie. Ripoti inayolazimisha vitu hivi viwe "fursa kwa sekta binafsi" inawapotezea watu miaka. Ipelekwe halmashauri ikiwa na hesabu ya ndoo ngapi huharibika kila masika kwa kukosa barabara.

Yale yaliyothibitika kuwa soko, yapime tena miezi sita baadaye, bila gari la mradi na bila kutangaza ujio. Fika siku ya tatu ya giza, alfajiri. Hesabu vichanja vyenye dagaa na vilivyosimamishwa ukutani. Kwenye kila chenye dagaa, muulize mama aliyeinama pale amemlipa nani, kiasi gani, na kama alilipa kwa fedha au kwa kibaba.